Dunlop: Daktari wa mifugo aliyeutwika upepo mzigo

JINA la John Boyd Dunlop limeandikwa ubavuni mwa tairi nyingi zinazovuka kwa feri ya Likoni kila uchao. Hata hivyo, ni wachache mno miongoni mwa wanaobebwa na tairi hizo wanaofahamu kwamba mwenye jina hakuwa fundi wa magari, hakudumu katika kampuni iliyolichukua jina lake, na alifariki bila ya kuuonja utajiri mkubwa ambao uvumbuzi wake uliwaletea watu wengine.

Dunlop alikuwa daktari wa mifugo. Jambo alilolithibitisha katika ua mmoja jijini Belfast mnamo mwaka 1887 ndilo lile lile linalowatatiza hadi leo wenye magari makubwa ya zamani kule Changamwe, Kisauni na Likoni wanapoamua kuyafunga chuma cha kuvutia na kuyakokotesha trela. Jambo lenyewe ni kwamba mzigo haubebwi na mpira wa tairi, bali na upepo uliofungiwa ndani yake.

Alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, eneo la Ayrshire nchini Scotland, kwa wazazi wakulima. Tangu utotoni aliaminiwa kuwa na afya dhaifu, imani ambayo hata yeye mwenyewe aliishikilia kwa muda mrefu wa maisha yake, ingawa alikuja kuishi zaidi ya miaka 80. Alisomea tiba ya mifugo jijini Edinburgh na kuhitimu akiwa na umri wa miaka 19 pekee.

Mnamo mwaka 1867 alihamia Ireland, na hatimaye akatia nanga Belfast. Huko alioa mwaka 1871, akajaliwa watoto wawili, na akaijenga kazi yake hadi ikawa miongoni mwa huduma kubwa zaidi za tiba ya mifugo katika kisiwa hicho chote.

Belfast ya siku hizo ilikuwa mji wa bandari, na bandari ni mizigo. Mikokoteni yenye magurudumu ya chuma ilikokotwa na farasi juu ya barabara zilizotandikwa mawe, na farasi walioumia kazini ndio waliokuwa riziki ya daktari. Isitoshe, Dunlop alikuwa na mikono mahiri na aliizoea mipira kwa kuwa alijitengenezea mwenyewe baadhi ya vifaa vyake vya kazi.

Chanzo cha uvumbuzi wake hakikuwa farasi, bali mtoto. Mwanawe wa kiume, Johnnie, alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu yaliyovishwa mpira mgumu usio na upepo. Kila alipoiendesha juu ya mawe ya mji, ilimtikisa na kumchosha. Baba akaanza kuwaza namna ya kuipunguzia adha hiyo.

Alichukua kipande cha mbao cha mviringo, akakizungushia bomba jembamba la mpira alilolitengeneza mwenyewe, akalifunika kwa kitambaa cha kitani kilichopigiliwa misumari, kisha akalijaza upepo kwa pampu ya kandanda. Baadaye alilichomoa gurudumu la mbele la baiskeli ya Johnnie na kuyabingirisha yote mawili uani, moja baada ya jingine. Gurudumu la mpira mgumu lilikwenda kidogo, likayumba na kuanguka. Lile la upepo lilimaliza ua mzima na kwenda kugonga lango.

Jaribio lenyewe lilikuwa dogo kiasi kwamba jirani angeweza kulidhania mchezo. Lakini maana yake ilikuwa kubwa. Gurudumu gumu likikutana na jiwe hulazimika kuunyanyua mzigo wote ulio juu yake ili lipite, na nguvu hupotea kila mara. Gurudumu la upepo hulimeza jiwe. Mpira hubonyea kidogo, mzigo ukabaki pale pale ulipo, na safari ikaendelea. Kwa maneno mengine, tairi ndiyo springi ya kwanza ya chombo chochote cha barabarani, kabla ya zile springi za chuma ambazo fundi huzitazama pindi gari linapoinama nyuma.

Februari 1888 baiskeli ya Johnnie ilikuwa imefungwa tairi mpya za upepo. Julai mwaka huo Dunlop aliwasilisha ombi la hataza, na mwezi Desemba akapewa.

Wapanda baiskeli waliziangulia kicheko tairi hizo nene. Kicheko hicho kilikoma tarehe 18 Mei 1889, pale William Hume, nahodha wa chama kimoja cha waendesha baiskeli wa Belfast ambaye hakuhesabiwa miongoni mwa magwiji, alipozitumia na kushinda mbio zote nne alizoshiriki siku hiyo.

Habari hizo zilimfikia Harvey du Cros, mfanyabiashara wa Dublin ambaye wanawe walikuwa washindani wakubwa wa mbio hizo. Du Cros hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Mwaka huo huo wa 1889 kampuni iliundwa jijini Dublin, Dunlop akaikabidhi hataza yake na kupokea hisa. Kuanzia hapo, kusema kweli, hatamu za biashara hazikuwa mikononi mwa daktari. Zilikuwa mikononi mwa du Cros.

Pigo lilifuata baada ya miaka miwili tangu apewe hataza. Dunlop aliarifiwa kwamba hataza yake haina nguvu, kwa kuwa wazo hilo lilikuwa limesajiliwa tangu mwaka 1845 na Mskoti mwenzake aliyeitwa Robert William Thomson.

Thomson anastahili kutajwa kwa kirefu hapa, kwani bila yeye kisa cha Dunlop kinakuwa nusu. Alikuwa na umri wa miaka 23 tu alipoisajili tairi ya upepo, na aliionyesha jijini London ikiwa imefungwa kwenye gari la farasi. Ilifanya kazi vyema na kudumu. Lakini mpira ulikuwa ghali, baiskeli za kisasa zilikuwa bado hazijabuniwa, na gari lenye injini ya petroli lilikuwa miaka 40 mbele. Wazo likasahaulika hadi Dunlop alipolifikia upya kwa njia yake mwenyewe, pasipo kujua kuwa kuna aliyemtangulia.

Ajabu ni kwamba Thomson huyo huyo aliirudia mipira mwaka 1867, safari hii kwa ajili ya kuvuta mizigo. Alibuni trekta la mvuke lililovishwa mpira mzito usio na upepo, likaweza kuvuta mabehewa katika barabara za Edinburgh bila ya kuzichimba na bila ya kuteleza. Matrekta ya aina hiyo yalifikishwa hadi India. Thomson alifariki mwaka 1873, miaka 14 kabla ya jaribio la Belfast.

Kampuni ya Dublin ilinusurika kwa kununua hataza za watu wengine, hasa zile za Charles Welch na William Bartlett zilizohusu namna ya kuishikiza tairi kwenye rimu ili iweze kuvuliwa na kuvalishwa kwa urahisi. Tairi ya Dunlop mwenyewe ilikuwa imegundishwa kwenye gurudumu, na kuziba pancha ilikuwa kazi ya kutoa jasho. Kwa hivyo tairi inayovuliwa leo kwa vyuma viwili katika kibanda cha kuziba pancha ina baba zaidi ya mmoja.

Katikati ya miaka ya 1890 Dunlop alijitoa. Mwaka 1896 kampuni hiyo iliuzwa kwa pauni milioni 3 kwa mlanguzi wa hisa aliyeitwa Terah Hooley, ambaye aliigeuza haraka na kuiuza kwa umma kwa pauni milioni 5. Faida hiyo yote haikumgusa mtu aliyelibingirisha gurudumu la kwanza uani.

Kulikuwa na watu wengine ambao mbio za tairi ziliwagusa kwa njia ya kutisha. Baiskeli, na baadaye magari, zilipoanza kudai mpira kwa wingi, mashamba ya mipira ya Asia yalikuwa bado hayajakomaa. Mpira ulitoka porini. Katika pwani ya Afrika Mashariki, watu waligema mtoria wa mwituni na utomvu wake ukasafirishwa kupitia Zanzibar na bandari za mwambao. Lakini nchini Congo, iliyokuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kuanzia 1885 hadi 1908, wanakijiji walilazimishwa kuukusanya kwa mtutu wa bunduki. Walioshindwa kutimiza kiwango walichapwa, wake zao wakashikwa mateka, na mikono ya watu ikakatwa. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 iliuanika unyama huo mbele ya dunia.

Dunlop hakuwa na mkono katika dhuluma hiyo. Hata hivyo, historia ya tairi ikisimuliwa Afrika bila ya kuitaja Congo, msimulizi atakuwa ameficha upande mmoja wa hesabu.

Kwa upande wa magari, walioifungua njia walikuwa ndugu wa Michelin wa Ufaransa. Mwaka 1895 waliingiza gari lenye tairi za upepo katika mashindano ya Paris hadi Bordeaux na kurudi. Lilipata pancha mara nyingi mno na halikushinda, lakini lilimaliza safari na kuonyesha kwamba chombo kizito chenye injini kinaweza kukalia upepo.

Nchini Kenya, miaka mitano baada ya kifo cha Dunlop, Lionel Galton-Fenzi aliendesha gari aina ya Riley kutoka Nairobi hadi Mombasa. Ilikuwa 1926, na hakuna aliyekuwa amefanya hivyo kwa gari kabla yake, kwa sababu barabara yenyewe haikuwapo. Palikuwa na reli na vichaka. Leo njia hiyo inapitia Mariakani, Miritini na Changamwe, na malori yanayoivuta mizigo ya Kilindini yameifanya kuwa miongoni mwa njia zenye shughuli nyingi zaidi katika ukanda huu.

Ni pembezoni mwa barabara hiyo, na ng'ambo ya pili kule Likoni, ambako somo la Dunlop hupimwa kwa njia ambayo hakuiwaza. Magari marefu ya zamani, hasa Peugeot 504 ya familia ambayo miaka ya nyuma ilisifika kwa kubeba abiria wa masafa na ambayo iliunganishwa papa hapa Mombasa, bado yana wapenzi wake. Gari la aina hiyo lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na sifa hiyo haijafutika. Basi mwenye nalo hupata tamaa ya kulivutisha trela la mashua, jenereta au mitungi ya maji.

Anapolipeleka gereji, jambo la kwanza ambalo huombwa ni springi. Gari limeinama nyuma, kwa hivyo liinuliwe. Fundi huongeza springi nzito zaidi, au huweka vipande vya kuiinua ile iliyochoka, na gari likasimama wima kama jipya. Mwenyewe huondoka akiamini kwamba nguvu ya gari imeongezeka.

Haikuongezeka. Springi mpya hubadilisha mkao wa gari, lakini haiongezi hata kilo moja kwenye uwezo wa ekseli, breki wala tairi. Mtengenezaji wa gari aliweka kikomo cha uzito wa kuvutwa, na kikomo hicho hakisogezwi na gereji.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua trela lenye mashua, jumla kilo 700. Trela lililopakiwa sawasawa huegemeza takribani asilimia 10 ya uzito wake kwenye chuma cha kuvutia, yaani kilo 70. Lakini chuma hicho kiko nyuma ya ekseli, pengine kwa zaidi ya mita moja, na hapo gari hugeuka kuwa mzani. Kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana kwa mita 2.9, zile kilo 70 hugeuka kuwa karibu kilo 97 juu ya magurudumu ya nyuma, ilhali magurudumu ya mbele hupunguziwa kama kilo 27. Usukani ukawa mwepesi, na breki za mbele, ambazo ndizo hufanya kazi kubwa, zikapoteza mshiko. Ongeza abiria watatu kiti cha nyuma na mizigo yao, ndipo utaelewa ni kwa nini ekseli ya nyuma huwa ya kwanza kulalamika.

Hapo ndipo maandishi ya ubavuni mwa tairi yanapostahili kusomwa kabla ya bei. Baada ya vipimo vya ukubwa huwapo tarakimu ya uzito. Tairi yenye 88 imekubaliwa kubeba kilo 560. Yenye 95 hubeba kilo 690. Kwa jozi moja ya nyuma, tofauti hiyo ni kilo 260, nayo ni zaidi ya kile ambacho springi yoyote inaweza kumpa dereva. Tairi mbili zinaweza kufanana kwa upana na kwa sura, moja ikafaa kuvuta na nyingine isifae.

Lakini hata ile yenye 95 hubeba kilo hizo ikiwa tu imetiwa upepo wa kiwango kinachotakiwa. Upepo ukipungua, ubavu hujikunja na kujikunjua kwa kila mzunguko, mpira hupata moto kwa ndani, na katika joto la Pwani tairi huweza kupasuka ikiwa bado ina meno ya kutosha. Kinyume chake pia ni kosa: dereva anayesimama Mazeras akaipima tairi iliyopata moto, akaona upepo umezidi na kuupunguza, huwa ameiharibu hesabu. Hupimwa asubuhi gari likiwa limelala. Anayeupunguza ili apite kwenye mchanga wa ufuoni anaposhusha mashua sharti aujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Umri nao hauonekani kwa macho. Tarakimu nne za mwisho za alama ya kiwanda hueleza wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 1519 ni wiki ya 15 ya mwaka 2019. Gari la zamani linalotumiwa mara chache huweza kuwa na tairi zenye meno mapya lakini mpira uliozeeka kwa jua na chumvi ya bahari. Tangu kiwanda cha Nairobi kilichoanza kwa jina la Firestone kilipoacha kutengeneza tairi mwaka 2016, nyingi za zile mpya huja kwa meli, na mnunuzi hana budi kuitazama tarehe hiyo mwenyewe.

Baada ya tairi ndipo zije springi, na pamoja nazo shokomzoba. Springi ngumu yenye shokomzoba zilizochoka hurusha gari juu na chini, na trela huliitikia kwa kuyumba. Kwenye springi za koili, kama zile nne za nyuma za 504 ya familia, yapo mafundi wanaotia mfuko wa mpira ndani ya koili na kuujaza upepo wakati wa kuvuta, kisha kuupunguza mzigo ukishuka. Thomson na Dunlop wangeitambua kazi hiyo mara moja.

Kwa mkaazi wa Likoni kipo kipimo kingine ambacho hakimo katika kijitabu chochote cha gari. Maji yakikupwa, njia ya kuingilia feri huinama zaidi, na gari lililolala nyuma kwa uzito wa trela hukwaruza chuma chake cha kuvutia pale pembe inapovunjika. Wajuao hungoja maji yajae, au huhakikisha kwamba gari limekaa sawa kabla ya kufika foleni.

Dunlop mwenyewe aliimalizia miaka yake Dublin, akiwa na maslahi katika biashara ya nguo. Kampuni iliendelea kukua, ikajenga kiwanda kikubwa Birmingham, ikamiliki mashamba ya mpira Asia, na kuitumia sura yake katika matangazo. Mchoro ulimwonyesha bwana mrefu mwenye kofia ndefu na bakora, mtanashati wa mjini. Mzee huyo, aliyeishi maisha ya kawaida na ndevu zake ndefu, hakujitambua katika picha hiyo na aliipinga.

Katika uzee wake aliandika kumbukumbu za jinsi tairi ya upepo ilivyopatikana, nazo zilichapishwa na bintiye baada ya kifo chake. Alifariki Dublin tarehe 23 Oktoba 1921 akiwa na umri wa miaka 81, akazikwa katika makaburi ya Deansgrange. Jina lake lilipita kutoka mikono hadi mikono, na katika sehemu kubwa ya dunia sasa linamilikiwa na kampuni ya Sumitomo ya Japani. Ireland Kaskazini ilimchapisha kwenye noti ya benki ya pauni 10.